Majina ya Mpangaji Aliyehama

Malalamiko yenyewe huwa mafupi. Kampuni ndogo imejiunga na mtambo wa simu wa kukodi, mhasibu wake amepewa ekstensheni 201, na asubuhi ya kwanza anabonyeza kitufe cha ujumbe ili arekodi salamu yake. Kabla hajasema neno, mtambo unamwarifu kwamba ana jumbe tatu mpya. Anazisikiliza. Mwanamume asiyemfahamu anauliza magodoro yake yatafika lini. Mama mmoja anasema atapiga tena kesho, wala hataji jina. Ujumbe wa tatu ni honi za barabarani na mtu anayekata simu. Mhasibu anampigia mtoa huduma, mtoa huduma anafungua skrini yake, na skrini inaapa kwamba mpangaji wa zamani, muuza magodoro, alishafutwa na hakuacha kitu.

Skrini inasema kweli kwa kadiri ya upeo wake. Kazi ninayotaka kuisifia huanzia pale upeo huo unapoishia: kazi ya fundi anayetafuta kila mahali ambapo mpangaji aliyefutwa bado anaishi, na kumtoa bila kumgusa jirani.

Zamani ofisi iliyotaka simu za ndani ilinunua sanduku lake la chuma na kulifunga ukutani. Mwaka 1999 Mark Spencer, kijana wa Alabama nchini Marekani, alitoa Asterisk, programu iliyoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa mtambo wa simu, na akaitoa bure pamoja na msimbo wake. Baadaye ikaja FreeSWITCH ya Anthony Minessale, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2008, na juu yake ikajengwa FusionPBX, ambayo inampa mwenye seva moja uwezo wa kuhudumia makampuni mengi kwa wakati mmoja. Ni nyumba ya kupanga yenye korido moja: kila mtu ana mlango na ufunguo wake, lakini bomba la maji, mita ya umeme na dari ni vya wote. Muuza magodoro ana ekstensheni 201, kliniki ya meno ina 201, ofisi ya wakili ina 201, na hakuna anayejua kwamba mwenzake yupo. Mtambo ndio unaojua, na unapaswa kukumbuka kila sekunde ni 201 ya nani inayolia.

Kwetu sanduku la sauti halijapata kupendwa sana. Mtu asipopokelewa hubipu, hutuma meseji, au siku hizi hushikilia kitufe cha WhatsApp na kuongea peke yake njia nzima mpaka Mbagala. Ni watu wachache wanaosubiri mlio ili wamwachie ujumbe mhasibu asiyekuwepo mezani. Lakini mahospitali, mahoteli, kampuni za utalii na kila ofisi inayopigiwa kutoka ng'ambo zinalihitaji, na wanaopiga kutoka ng'ambo huliamini kupita kiasi. Humo huacha tarehe za safari, namba za pasipoti, majibu ya vipimo, na mara nyingine kilio. Kwa hiyo sauti iliyobaki mahali pasipo pake si uchafu mdogo wa kompyuta. Ni siri ya mtu.

Dada mmoja wa Dar es Salaam ndiye aliyenionyesha kwamba kazi hii ina uzuri wake. Anafanya kazi kwenye kampuni inayokodisha mitambo ya simu, na hataki jina lake liandikwe. Malalamiko ya aina ile yakifika, hagusi kinanda. Anachukua daftari la mistari, anachora nguzo tano au sita, na juu ya kila nguzo anaandika sehemu moja ya mtambo. Nilipomwuliza mara ya kwanza anafanya nini, alinijibu bila kuinua kichwa.

"Kaka, kabla hujauliza huyu mtu amefutwaje, uliza anaitwaje."

Hapo ndipo siri ya ufundi wote ilipo, nami ilinichukua muda kuielewa. Sisi tunaotazama kwa nje tunadhani mpangaji ni kitu kimoja kilichokaa mahali pamoja, kwa hiyo kumfuta ni kukiondoa kitu hicho. Ndani ya mtambo hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna sehemu nyingi zilizoandikwa na watu tofauti katika miaka tofauti, na kila sehemu inamjua mpangaji kwa jina lake yenyewe. Hifadhidata ya FusionPBX inamjua kwa kitambulisho kirefu cha alama 36, yaani herufi, tarakimu na vistari, ambacho hakuna binadamu anayekikariri. Sehemu ya ujumbe wa sauti ya FreeSWITCH haina habari na kitambulisho hicho. Inamjua kwa jina la domeni, maneno matupu, na ndani ya domeni kwa namba ya ekstensheni. Diski inamjua kwa folda iliyopewa jina hilohilo la domeni. Katika Asterisk anajulikana kwa neno lililoandikwa ndani ya mabano ya mraba kwenye faili la mipangilio. Kampuni ya simu iliyoleta laini inamjua kwa namba ya nje. Simu iliyoko mezani kwake inamjua kwa akaunti na neno la siri, na haitambui kabisa kwamba kuna kitu kinachoitwa mpangaji.

Mpangaji, basi, ni makubaliano kati ya majina haya. Siku anapoingia makubaliano ni rahisi, maana programu moja inaandika majina yote kwa mfuatano na kila sehemu inapokea inachopewa. Siku anapotoka, ni lazima mtu ayajue majina yote, na jina likisahaulika moja, sehemu ile inaendelea kuamini kwamba mwenyewe yupo.

Kisa cha magodoro kilikuwa kwenye Asterisk, na kilikuwa chepesi kwa mtu anayejua pa kutazama. Masanduku ya sauti ya Asterisk huorodheshwa kwenye faili la mipangilio: chini ya jina la mpangaji unaandika namba, neno la siri, jina la mtu na barua pepe yake. Ukiufuta mstari huo na kuuamuru mtambo usome faili upya, sanduku halipo tena. Mtu akipiga, mtambo hautalipata. Lakini jumbe zenyewe hazijawahi kukaa kwenye faili hilo. Ziko kwenye diski, chini ya folda ya mpangaji, ndani yake folda ya 201, ndani yake folda ya jumbe mpya, na kila ujumbe ni jozi: faili la sauti, na kando yake faili dogo la maandishi linalosema nani alipiga, saa ngapi, na aliongea kwa sekunde ngapi. Kufuta mstari hakuzigusi. Zinakaa palepale mwezi, mwaka, mpaka mtu atakapoandika tena mstari wenye jina lilelile na namba ileile.

Na mtoa huduma yule alikuwa na mazoea ya kuwapa wapangaji majina ya namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na nafasi ikiwa wazi huipangisha tena. Mpangaji mpya alirithi jina la nafasi, na pamoja na jina akarithi magodoro.

Mtu mwingine angeitukana programu. Dada yule aliitetea. Fikiria, aliniambia, mtu amekosea koma kwenye faili la mipangilio, mtambo ukasoma upya, ukaona masanduku arobaini hayapo, ukaamua kufuta jumbe zote za masanduku arobaini. Ungeipenda programu hiyo? Walioiandika waliamua kwamba kuondoa jina na kuharibu mali ni matendo mawili, na tendo la pili lifanywe na mtu kwa mkono wake. Nakubaliana naye kabisa. Kosa ni la aliyetengeneza kitufe chekundu cha "Futa" juu ya programu hiyo, akafanya tendo la kwanza, akasahau la pili, kisha akaonyesha alama ya kijani ya kufanikiwa. Alama ya kijani kwenye kazi za kufuta ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote.

Kuna namna nyingine ya kuhifadhi jumbe za Asterisk, ambapo sauti yenyewe huwekwa ndani ya hifadhidata badala ya folda. Hapa nilijifunza jambo dogo ambalo limenifanya nicheke zaidi ya mara moja. Kila ujumbe ni mstari katika jedwali, na kila mstari unabeba njia ya folda ambayo ungekuwemo kama folda zingekuwepo, pamoja na namba ya ujumbe: sifuri, moja, mbili, na kuendelea. Salamu za mwenye sanduku, ile sauti inayosema sipo mezani acha ujumbe, hukaa katika jedwali hilohilo. Lakini salamu haina nafasi kwenye foleni, kwa hiyo hupewa namba hasi moja, na njia yake haiishii kwenye folda ya jumbe mpya wala ya jumbe za zamani. Anayeandika amri ya kufuta jumbe mpya na za zamani za mpangaji ataona hesabu imetimia, ataenda nyumbani, na wiki ijayo mteja wa mpangaji mpya atakaribishwa na sauti nene ya muuza magodoro. Dada huyu hutafuta hasi moja kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Hakuna kitabu kilichomwambia. Alisoma jedwali lote kwa macho, mstari kwa mstari, mpaka akakutana na namba isiyo na maana, akakataa kuipita.

Subira ya namna hiyo ndiyo inayonivuta kwenye kazi hii. Katika kutafuta kilichoharibika, watu wengi huanza na dhana na kutafuta ushahidi wa kuithibitisha. Yeye huanza kwa kuhesabu. Kwenye FreeSWITCH, kwa mfano, sehemu ya ujumbe wa sauti ina hifadhidata yake ndogo ya SQLite yenye jedwali la jumbe na jedwali la mapendeleo ya mwenye sanduku. Kila mstari wa ujumbe unataja faili la sauti lililoko kwenye diski. Basi anahesabu mistari ya domeni ile, kisha anahesabu mafaili ya folda ile, kisha anaweka hesabu mbili kando kwa kando na kuuliza maswali mawili. Kuna mistari inayotaja mafaili yasiyokuwepo? Kuna mafaili yasiyotajwa na mstari wowote? Majibu yanaeleza visa viwili tofauti. Mistari isiyo na mafaili inasema ufutaji ulianza na diski ukakatika kabla ya kufika kwenye hifadhidata. Mafaili yasiyo na mistari yanasema kinyume chake, au yanasema kwamba domeni ilibadilishwa jina zamani na folda ikabaki na jina la kale. Hili la mwisho hutokea kuliko watu wanavyodhani: kampuni inabadilisha jina la biashara, mtoa huduma anabadilisha domeni, kitambulisho cha alama 36 kinabaki kilekile, na folda ya zamani inabaki bila mtu wa kuiulizia. Kabla hajagusa chochote ameshajua ni mkono gani uliotangulia na ulikomea wapi.

Mara nyingine ufutaji haukukatika, ulikataliwa. Hifadhidata nzuri inaweza kuambiwa kwamba jumbe ni mali ya sanduku na sanduku ni mali ya domeni, na kwamba domeni isiondoke wakati bado ina watoto. Ukijaribu kuifuta, hifadhidata ya PostgreSQL inakurudishia maneno makali na kulitaja jedwali linalozuia. Fundi mchanga huyachukulia maneno hayo kama matusi, akatafuta mtandaoni namna ya kuzima kizuizi, akakizima, akafuta, akafurahi. Dada yule huyasoma kwa furaha ya mtu aliyepewa ramani bure. Jedwali lililotajwa ni nguzo aliyoisahau kwenye daftari. Anaiongeza, anaenda kutazama kilichomo, anarudi.

SQLite, kwa upande wake, inajua vizuizi vya aina hii tangu toleo la 3.6.19 la mwaka 2009, lakini huja vimezimwa, ili programu za zamani zisivunjike, na kila muunganisho hauna budi kuviwasha. Kwa hiyo upande mmoja wa mtambo unapiga kelele na upande mwingine umenyamaza, na anayezoea kelele za upande wa kwanza huuchukua ukimya wa pili kuwa ni ruhusa.

Utaratibu wake wa kufuta, nilipouona ukiandikwa wote kwenye ukurasa mmoja, ulikuwa kinyume cha nilivyotarajia. Ningeanza na jina la mpangaji, kwa kuwa ndilo kichwa cha kila kitu. Yeye huliacha jina mpaka mwisho kabisa. Sababu ni ya kawaida na ina nguvu: jina la domeni ndicho kishikio pekee cha kuwapata watoto wake wote. Hati ya amri inayofuta huuliza kwanza kitambulisho cha domeni hii ni kipi, kisha huenda kila jedwali na kitambulisho hicho mkononi. Domeni ikiondoka mwanzoni na umeme ukakatika katikati, hati ikirudiwa itauliza kitambulisho, haitapata jibu, na itamaliza kwa heshima ikisema hakuna cha kufuta. Kila kilichobaki sasa hakifikiki kwa njia ya kawaida. Lakini jina likiondoka mwisho, ufutaji unaweza kukatika mara kumi na kurudiwa mara kumi, na kila mara utaanzia ulipoachia. Majaribio yake ya hati mpya ni ya kikatili kidogo: anaikata katikati kwa makusudi, kisha anaiendesha tena aone kama itaona haya.

Kabla ya kugusa hata mstari mmoja, hata hivyo, anafunga mlango wa nje. Namba ya nje huondolewa kwenye njia inayoelekea kwa mpangaji, na aliyehama huwekewa tangazo fupi au namba yake huhamishiwa kwa mtoa huduma mpya. Nilidhani ni ustaarabu tu. Ni zaidi ya hapo: njia ikiachwa wazi, mtu fulani mjini Hamburg atapiga wakati ufutaji unaendelea, ataacha ujumbe, na mtambo, ukitii kazi yake, utatengeneza upya folda iliyofutwa sekunde chache nyuma ili uhifadhi sauti yake. Ukija kuhesabu utakuta faili moja, jipya, lenye tarehe ya leo, ndani ya nyumba uliyoapa kwamba ni tupu.

Baada ya mlango kuna taa. Ile taa nyekundu kwenye simu ya mezani haitazami sanduku la ujumbe, inasubiri kuambiwa. Kanuni zake zilichapishwa mwaka 2004 katika waraka wa RFC 3842: mtambo unaitumia simu taarifa fupi ya kusema kama kuna jumbe zinazosubiri, zikiwemo mpya ngapi na za zamani ngapi. Simu nyingi zikiambiwa ndiyo huwasha taa na kukaa nayo mpaka ziambiwe hapana. Sasa ukilifuta sanduku bila kutuma ile hapana ya mwisho, hakuna tena wa kuituma. Taa inawaka kwenye ofisi iliyohamia mtambo mwingine, mtu anabonyeza, hakuna ujumbe, na huanza kuamini kwamba simu imelogwa. Kwa hiyo yeye huzifuta jumbe kwanza, masanduku yakiwa bado na uhai, akauacha mtambo wenyewe utangaze kwamba hakuna ujumbe, kisha ndipo anayaondoa. Hatua hii haimo kwenye maelekezo ya mtoa huduma yeyote niliyoyaona, nayo huchukua sekunde chache tu.

Diski nayo ina tabia zake. Sauti ya simu iliyohifadhiwa bila kubanwa ina sampuli 8,000 kwa sekunde, kila moja baiti mbili, yaani karibu megabaiti moja kwa dakika. Mpangaji wa miaka mingi akiondoka, nafasi inayorudi huonekana. Isiporudi, kuna jambo. Kwenye Linux faili lililofutwa huku programu fulani ikiwa bado imelifungua hupoteza jina, lakini maudhui yake hubaki kwenye diski mpaka programu hiyo iliachie. Ukihesabu mafaili huoni kitu. Ukiuliza diski imejaa kiasi gani, jibu ni lile la jana. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni ushahidi kwamba mchakato fulani umemshika mfu. Kuna amri ya kuorodhesha mafaili yasiyo na jina yaliyo wazi, naye huiendesha kila mara, hata kama nafasi imerudi.

Sijasema bado juu ya hofu, na hofu ni nusu ya ufundi huu. Tarehe 5 Aprili 2022 wahandisi wa kampuni ya Atlassian, inayowakodishia wateja wake programu za kazi kupitia intaneti, walikuwa wakifuta programu-nyongeza ya zamani kutoka kwenye maeneo ya wateja. Orodha waliyokabidhiwa haikuwa na vitambulisho vya programu-nyongeza. Ilikuwa na vitambulisho vya maeneo yenyewe. Njia waliyoitumia ilipokea aina zote mbili bila kuuliza. Kwa muda wa chini ya nusu saa maeneo 883 ya wateja 775 yakafutika. Nakala rudufu zilikuwepo na zilikuwa nzima, lakini data za wapangaji zilikuwa zimechanganyika na za wapangaji wengine, na kuirudisha hifadhidata yote nyuma kungewafutia kazi ya siku hizo wale ambao hawakuguswa. Ikabidi warudishwe kwa mafungu, na wa mwisho walirudi tarehe 18 Aprili.

Haikuwa mitambo ya simu, lakini kila anayefuta wapangaji amekisoma kisa hicho, na kila mmoja amejiona ndani yake. Dada yule amekitafsiri kwa tabia mbili. Ya kwanza: hati yake ya kufuta haipokei kitambulisho peke yake, inataka kitambulisho na jina la domeni pamoja, na visipolingana inakataa. Ya pili: kila amri ya kufuta hutanguliwa na amri ya kuorodhesha yenye masharti yaleyale, neno kwa neno, na orodha hiyo inasomwa na mtu mwingine kwa sauti. Nimemsikia kijana wa zamu akisoma namba za ekstensheni moja baada ya nyingine kama anaita mahudhurio, na dada akiweka alama. Ilichosha kusikiliza. Walipofika ekstensheni ya mwisho walikuwa na hesabu moja.

Ana tabia ya tatu, iliyotokana na kisa cha zamani kidogo. Mapema mwaka 2015 iligundulika kwamba hati ya kuanzishia programu ya michezo ya Steam kwenye Linux ingeweza kufuta mafaili yote ya mtumiaji, kwa sababu jina la folda lilikuwa kwenye kigezo, kigezo kikawa kitupu, na amri iliyobaki ikasema futa kila kitu kuanzia juu. Hebu lihamishie kosa hilo kwetu. Njia ya jumbe ni folda kuu ya sauti, mkwaju, kisha jina la mpangaji. Jina likiwa tupu, kinachofutwa ni sauti za wapangaji wote. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa hati yake, kabla ya kitu kingine chochote, unauliza kama jina ni tupu, na kama ni tupu unasimama. Hata jina likiwepo, folda haifutwi siku hiyo. Inabadilishwa jina na kusogezwa kando, kitendo ambacho ndani ya diski moja huchukua chini ya kupepesa jicho na hurudishika kwa urahisi uleule. Kama kuna jirani aliyekuwa akiitegemea bila mtu kujua, atalalamika ndani ya siku chache. Asipolalamika mtu, inafutwa.

Hata hapo kazi haijaisha, na hili huwashangaza wengi. PostgreSQL ikiambiwa futa, huuwekea mstari alama kwamba umekufa na kuuacha palepale mpaka ufagiaji wake upite. Nakala rudufu za usiku uliopita zina kila kitu. Barua pepe zilizobeba sauti kama kiambatisho zilikwenda kwenye masanduku ambayo mtoa huduma hayamiliki. Sheria nazo zimeanza kuuliza maswali haya: kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zifutwe, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Mteja akiuliza kwa maandishi kama sauti za wagonjwa wake zimefutwa, neno ndiyo halitoshi, na mara nyingi halina ukweli wote.

Jaribio lake la mwisho hulifanya peke yake, na sijaona mtu mwingine akilifanya. Anaunda mpangaji mpya wa majaribio kwa jina lilelile la aliyefutwa, anampa ekstensheni zilezile, anaunganisha simu ya mezani, na anapiga kutoka simu yake ya mkononi bila kupokea. Anataka asikie salamu ya mtambo, ile isiyo ya mtu. Anaacha ujumbe, anautazama ukipewa namba sifuri, anaona taa ikiwaka. Anausikiliza, anaufuta, taa inazimika. Kisha anamfuta mpangaji wa majaribio kwa hati ileile, watoto kwanza na jina mwisho, na kuhesabu tena mistari na mafaili. Hesabu zote zikisoma sifuri, anaandika kwenye kumbukumbu ya kazi tarehe, jina la aliyesoma orodha naye, na mstari mmoja unaosema nakala rudufu ya mwisho yenye data za mpangaji huyu itafutwa lini na nani atahakikisha.

Mstari huo ndio uliotumika kumjibu muuza magodoro alipoandika kuuliza. Alijibiwa tarehe, na jibu lilikuwa la sentensi mbili.